Futi Alivyokaa Mpaka Mwisho

Jina la Futi nilimpa mimi, na sijutii. Alikuwa hajaanza hata shule. Nimekaa kwenye cherehani yangu natafuta futi kamba, ile ya kupimia wateja, nimepekua chini ya vitambaa vyote, nimemfokea na mteja asiye na hatia, kumbe mtoto wa dada yangu ameondoka nayo. Nikamkuta uani anampima paka wa jirani. Paka mwenyewe katulia tuli, kama anashonewa suti. Nikamwambia, "Ala! Huyo naye ameagiza gauni?" Hata hakugeuka. "Nataka kujua mkia wake unafika wapi," akasema. Basi, tangu siku hiyo akawa Futi. Alipima mlango, alipima ndoo, alimpima mama yake akiwa amelala, kuanzia kisigino mpaka utosini, na asubuhi akamtangazia urefu wake mbele ya majirani.

Mama yake alikuwa dada yangu, tumbo moja, yeye mkubwa mimi mdogo. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi kwa dobi, nyuma ya soko. Chumba kile ukiingia miwani inafunga ukungu. Mashati yamening'inia juu kwenye waya, chini sakafu haikauki, na harufu ya wanga inakuingia puani mpaka unaota unakula kola. Mikononi Dada alikuwa na alama za pasi, za zamani na za juzi. Baba yake Futi alikwenda kutafuta maisha, na nadhani aliyapata, maana hakurudi. Tukabaki wanawake watatu, vyumba viwili na bomba moja la uani.

Sasa, Dada alikuwa na ugonjwa mmoja: hakujua kukosa kazi. Homa, yuko kazini. Mvua imefurika mpaka magotini, kavua viatu kavishika mkononi, yuko kazini. Ukimwambia pumzika, anakujibu, "Asiyekuwepo na lake halipo." Uchungu wa kumzaa Futi ulimshika akiwa na shati la mtu mezani, na alimaliza kola kwanza ndipo akaomba kupelekwa hospitali. Dobi mwenyewe alikuwa akiisimulia hiyo kwa wateja, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mimi sikucheka hata siku moja, kwa sababu nilijua ilikotoka.

Ilitoka mbali. Dada alikuwa kichwa darasani, si kama mimi niliyekuwa nakwenda shule kwa ajili ya kucheza. Wiki ya mtihani wake wa mwisho wa shule ya msingi, baba yetu akafariki. Wajomba wakakaa, wakaamua: binti mkubwa abaki nyumbani awapikie waombolezaji. Akabaki. Alipika, akaosha sufuria, na wenzake wakafanya mtihani. Msiba ulipoisha akaenda shuleni na sare yake, ameinyoosha vizuri, kuuliza atafanya lini wa kwake. Mwalimu mkuu akamwambia mtihani haumsubiri mtu. Ikawa ndiyo basi tena. Nilimwona akirudi siku ile, akaivua sare, akaikunja, akanipa mimi. Mwezi uliofuata alikuwa kwa dobi.

Ndiyo maana Futi alipoanza shule, Dada hakuwa anauliza alama. Alama niliuliza mimi, mwenye haraka zangu. Yeye kila jioni alimsimamisha mtoto mlangoni, begi bado mgongoni.

"Ulifika?"

"Nilifika, mama."

"Ulikaa mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Haya, kanawe mikono ule."

Hata Futi alipokuwa msichana mkubwa mwenye kifua, anachaguliwa chuo kusomea upimaji wa ardhi, bado aliulizwa mlangoni vilevile. Nilikuwa nawatania kwamba siku ya harusi mchungaji au shehe atasubiri kwanza Dada amalize kuhoji.

Chuo kilimpa ufadhili. Jamani, tulifurahi! Dada, ambaye hakuwa mtu wa kelele, alipiga kigelegele kilichowatoa wapangaji wote nje. Tulipokwenda kwenye kikao cha wazazi, mama mmoja wa ofisi ya ufadhili, mnene, mwenye sauti ya upole, akatueleza masharti. "Ufadhili huu si zawadi ya harusi," akasema. "Mtoto anapewa, halafu anaulinda." Kila muhula wastani wa alama usishuke chini ya kiwango. Masomo anayojiandikisha, theluthi mbili angalau afaulu. Akishuka mara moja anaonywa na kupewa muhula mmoja wa kujirekebisha. Akishuka mara ya pili, ufadhili unasimama. Dada akaniinamia sikioni. "Amesema wasikose hata siku?" Nikamwambia hajasema. "Hajasema, lakini ndiyo maana yake," akanijibu, akakunja mikono yake ameridhika.

Mwaka wa kwanza Futi alikwenda vizuri. Mwaka wa pili hesabu zikamkamata. Kupima kwa kamba ni kupima, lakini huko chuoni kulikuwa na hesabu za kusahihisha vipimo ambazo alikuwa akinieleza nikawa nasikia usingizi na sindano iko mkononi. Muhula ule akashuka. Likaja onyo. Yaani binti yetu alikuwa amekalia kuti kavu, na yeye mwenyewe alijua. Hakulia. Alichukua kiti, akakiweka kibarazani kwangu, karibu na cherehani, akasoma hapo kila alipokuwa nyumbani. Alisema mlio wa mashine unamtuliza. Majaribio ya katikati ya muhula yakarudi, amefanya vizuri yote, na mwalimu wake wa upimaji akamwambia akiendelea hivyo atatoka kwenye lile onyo bila shida.

Halafu Dada akaanza kuvimba miguu.

Tulidhani ni kusimama. Mtu anayesimama kutwa mbele ya pasi, miguu itakosaje kuvimba? Kumbe ni figo, na zilikuwa zimeshachoka zamani bila kumwambia mwenyewe. Akalazwa. Futi akawa wa chuo na wodi, wodi na chuo. Anakuja amebeba madaftari, anamlisha mama yake uji, anasoma ameegemea ukingo wa kitanda. Na Dada, midomo imekauka, uso umekuwa mdogo, akifumbua macho tu anauliza, "Ulifika?" Wauguzi wakadhani anaweweseka. Haweweseki huyo, niliwaambia. Huyo ndiye mwenyewe.

Siku ya mwisho aliyozungumza nilikuwepo. Mitihani ilikuwa inaanza wiki ile inayokuja. Akamwita Futi amkaribie, akamshika kola ya blauzi kama anayeikagua.

"Hata kama niko ndani ya jeneza," akasema, "wewe nenda. Usifanyiwe kama nilivyofanyiwa mimi. Unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Utakaa mpaka mwisho?"

"Nitakaa mpaka mwisho."

Alifariki Jumamosi. Jumapili tukamzika. Jumatatu ukawa mtihani wa kwanza.

Alfajiri hiyo nilimkuta Futi amesimama mbele ya kabati. Ndani kulikuwa na shati lake jeupe ambalo Dada alikuwa amelinyoosha kabla hajaugua, mikunjo ya mikono bado imekaa sawasawa. Akalivaa taratibu, asilivuruge. Akajikaza kisabuni, akapita katikati ya watu waliolala ukumbini, akaondoka. Nyuma yake midomo ikafunguka. Mama mmoja, jirani wa ukuta kwa ukuta, akasema, "Watoto wa siku hizi wana roho ngumu. Udongo wa mama yake haujakauka!" Mimi mdomo wangu hauna breki, na siku ile hata ningekuwa nayo nisingeikanyaga. Nikamwambia, "Roho ngumu ni yako wewe, uliyekuja msibani kuchungulia sufuria." Nilijisikia vizuri kidogo, kwa dakika chache.

Alikwenda siku zote za mitihani, hakuacha hata mmoja. Na kila jioni akirudi alisimama pale mlangoni, begi mgongoni, haingii. Anasimama tu. Nilijua anasubiri nini. Maneno niliyajua, lakini sikuyasema, kwa sababu hayakuwa yangu, yalikuwa ya Dada. Baada ya muda anainamisha kichwa, anaingia, ananawa mikono.

Matokeo yalipotoka, alikuwa amefeli zaidi ya nusu. Nikamuuliza ilikuwaje, mtoto aliyefanya vizuri majaribio yote. Akaniambia polepole, "Niliandika swali, mama mdogo. Halafu nikaliandika tena. Nikiangalia saa, muda umekwisha, na mimi bado naandika swali." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza njia. Mimi ndiye niliyelia.

Ufadhili ukasimama. Nikafunika cherehani yangu, nikavaa gauni langu la kanisani, tukaenda ofisini na cheti cha kifo. Yule mama wa ufadhili akakisoma, akatupa pole, na pole yake haikuwa ya mdomoni tu, niliona. Kisha akamgeukia Futi.

"Binti, kwa nini hukuja kutuambia? Umefiwa na mzazi! Tungekuahirishia mitihani siku ileile. Ungeifanya muhula unaofuata, na ufadhili usingeguswa."

Nikasema, "Kuahirisha? Mtihani unaahirishwa?"

"Unaahirishwa, mama. Kila asubuhi, kabla ya karatasi kufunuliwa, msimamizi anatangaza: mwenye ugonjwa au msiba ainue mkono, atoke sasa, atasikilizwa. Anayebaki tunahesabu yuko sawa. Na sheria ni msumeno, haina macho ya kuona huyu amefiwa jana."

Nikamwangalia Futi. "Ulimsikia akitangaza?"

"Nilimsikia. Kila siku."

"Na hukutoka?"

Akaangalia mikono yake. "Nilidhani kutoka ni sawa na kutokwenda."

Loo! Mwenzangu, kuna wakati unataka kumpiga mtu na huna wa kumpiga. Dada katika maisha yake alijua mlango mmoja tu, na ule ulifungwa mbele ya pua yake. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba siku hizi wameweka mlango wa pili, wa watu wenye msiba. Angejua, angemsukuma mtoto apite huko kwa mikono yake miwili. Mimi na Dada hatukujua, Futi alisikia asielewe, na kuuliza hatukuuliza, kwa sababu kwetu jambo hilo lilikuwa limeshajibiwa kabla Futi hajazaliwa.

Yule mama wa ufadhili akatuambia kuna rufaa. Akashusha sauti, akafunga na mlango. "Kamati itamuuliza jambo moja: kwa nini hukutoka. Kama alikuwa na mtu nyumbani aliyemshikilia kwamba lazima afanye, aseme. Aliyeshinikizwa si sawa na aliyeamua mwenyewe. Rufaa za namna hiyo huwa zinapita." Akatutazama kwa zamu kuhakikisha tumeelewa. Tulielewa. Tulitoka pale nikiwa na matumaini kiasi cha kununua karanga njiani.

Tukakaa kwenye benchi nje ya geti la chuo. Nikamwambia, "Basi mambo yamekwisha. Utasema mama alikwambia uende hata akiwa kwenye jeneza. Si ndiyo kweli? Hutasema uongo hata chembe."

Hakugusa karanga. "Nitasema mama ndiye aliyeniangusha?"

"Utasema kilichotokea!"

"Wataandika hivyo. Mama alimlazimisha. Itakaa kwenye faili."

"Futi, mama yako amekufa. Hatasikia!" Nilipiga kelele, mlinzi wa geti akageuka.

"Mimi nitasikia," akasema.

Wiki nzima nilimsema. Nilimsema jikoni, nilimsema bombani, nilimsema kupitia ukuta akiwa amelala. Nilimwambia marehemu alitaka usome, kwa hiyo akikusaidia hata kwa jina lake atafurahi. Nilimwambia jina la maiti halichafuki. Alikuwa ananisikiliza kwa adabu, anaitikia, "Ndiyo, mama mdogo," na mimi kwa upumbavu wangu nikadhani ile ndiyo ni ndiyo.

Kamati ilikuwa watu watatu. Mwenyekiti, mzee mwenye miwani aliyeisukuma juu ya paji la uso na kuisahau hapo. Mwalimu wa upimaji. Na yule mama wetu wa ufadhili. Meza ndefu, chupa za maji ambazo hakuna aliyezifungua, feni inayokwaruza. Nikaambiwa mlezi anaruhusiwa kukaa lakini asiseme. Kuniambia mimi nisiseme ni adhabu, lakini nilikubali.

Mwenyekiti akasoma cheti, akatoa pole, akauliza bila ukali wowote, "Ulisikia tangazo la msimamizi?"

"Nilisikia."

"Kwa nini hukutoka?"

Mwenyekiti akangoja. Mwalimu wa upimaji akainama mbele. "Futi," akasema, maana hata huko jina lilikuwa limefika, "kuna mtu yeyote alikulazimisha? Fikiri kwanza kabla hujajibu." Yule mama wa ufadhili alikuwa amemkazia macho kama anamsukuma mtoto avuke barabara. Walitaka aseme. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: watu wazima watatu, wote walitaka kumpa, wanamngoja anyooshe mkono tu apokee.

Nikafungua mdomo. Futi akaweka kiganja chake juu ya goti langu, hakubonyeza, aliweka tu. Kilikuwa cha baridi. Nikaufumba.

"Hapana," akasema. "Hakuna aliyenilazimisha. Niliamua mwenyewe. Mama yangu alikuwa anataka nisome, basi."

Mwenyekiti akashusha miwani, akaandika. Mama wa ufadhili akageukia dirishani, na nje ya dirisha lile hapakuwa na kitu ila ukuta.

Rufaa ikakataliwa. Wangeweza kumrudisha kama angejilipia mwenyewe masomo aliyofeli, ayafaulu, kisha aombe upya. Cherehani yangu inalisha, haisomeshi. Nilizunguka kwa ndugu. Wajomba wale wale waliojua kuamua nani apike msibani, safari hii hawakujua kuamua lolote. Nikamkasirikia Futi siku nyingi. Nikamkasirikia na Dada aliye kaburini, nikamwambia kwa sauti, peke yangu jikoni, ona ulichofanya na huko kufika kwako. Halafu nikakumbuka ile sare aliyoikunja akanipa, hasira ikaniishia yote, nikabaki na uchungu tu.

Sasa Futi anafanya kazi kwa wapimaji wa viwanja. Si mpimaji, anashika ile fimbo ya kupimia. Anasimama juani huko mbali kwenye majani, mwenzake yuko kwenye darubini anachungulia na kuandika. Anaambiwa sogea kushoto, anasogea. Simamisha wima, anasimamisha. Wanampenda kwa sababu fimbo yake haitikisiki na hajawahi kukosa siku. Jioni anarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, anasimama mlangoni kidogo, kisha anaingia. Nimemzoea hivyo. Bado simuulizi.

Juzi juzi tulipata fundi wa kujengea kaburi la Dada. Akataka vipimo. Alikuwa na tepu yake ya chuma mfukoni, lakini Futi akasema, "Nitapima mimi." Akaniomba futi kamba yangu. Akapiga magoti, akaiweka kichwani pa kaburi, akaivuta kwenye udongo mpaka miguuni, taratibu, asilegeze. Fundi akaandika urefu. Akapima upana. Fundi akaandika. Nikadhani amemaliza, nikanyoosha mkono nimwinue.

Hakuinuka. Alirudi kule kichwani, akainama karibu na udongo, futi kamba imezunguka vidoleni.

"Nilifika, mama," akasema. "Siku zote nilifika. Nilikaa mpaka mwisho."

Kisha akangoja, kichwa amekiinamisha upande, vile alivyokuwa akisimama mlangoni na begi lake. Fundi akaniuliza kwa ishara kama tayari aanze kuchanganya sementi. Nikamwambia asubiri kidogo.